Stumai, mlezi wa matembele yasiyoliwa

Saa tisa alasiri, wakati mbuzi wa Itigi wamejibanza kwenye vivuli vya kuta na wenye maduka wanasinzia nyuma ya meza zao, Stumai Ignas anatoka kwenda juani akiwa na kisu kidogo na beseni la bati.

Anapiga magoti kwenye tuta la matembele nyuma ya maabara ya shule moja ya sekondari ya kata, nje kidogo ya mji. Haangalii majani kwanza. Anaangalia juu kama kuna wingu. Hakuna. Ndipo anaanza kuchuma.

Anachagua majani mapana, yaliyokaa juu ya mengine, yasiyo kivulini. Akishayapata anainuka na kwenda haraka, karibu kukimbia, mpaka kwenye jiko la mkaa lililo chini ya upenu, ambako sufuria ya maji inatokota. Anachovya jani moja moja. Kila moja linalegea kama kitambaa kilicholowa.

“Hapo limekufa likiwa limeshiba,” anasema. “Nikiliacha hai mpaka kesho asubuhi, usiku litakula akiba yake yote. Halafu mimi nitaaibika mbele ya wazazi.”

Kesho asubuhi wazazi wa shule hiyo watakuwa na kikao, na ajenda yao ni moja. Wanataka kuamua kama michango yao iendelee kumlipa Stumai, ambaye ni msaidizi wa maabara, au inunue mashine ya kudurufu mitihani. Fedha hazitoshi kwa vyote viwili. Mwenyekiti wao ameomba kabla ya kupiga kura waonyeshwe kazi ambayo mama huyo anaifanya.

Stumai na mwalimu wa biolojia, Obadia Njiku, wamechagua kuwaonyesha jaribio la usanisinuru, yaani namna jani linavyotumia jua kutengeneza chakula. Ni jaribio la kidato cha pili. Pia ndilo lililowashinda mwaka jana mara mbili mfululizo.

Stumai ana umri wa miaka 41 na watoto watatu, wa kwanza akiitwa Peniel. Jina lake ni la upande wa mama, Waislamu wa Singida mjini. Ubini ni wa baba, Mkatoliki wa Itigi. Kwa miaka mingi aliuza mboga za majani karibu na stesheni ya reli, na walimu wa shule hii walikuwa wateja wake.

Kazi ya maabara aliipata kwa sababu ya kiangazi. Kuanzia Juni vichaka vya Itigi hupukutisha majani, na kufika Oktoba mtu anaweza kutembea mwendo mrefu bila kuona kitu cha kijani zaidi ya rangi ya mabati. Mwalimu Obadia alikuwa na vitabu, iodini na wanafunzi. Majani hakuwa nayo.

“Nilikwenda stesheni kununua mboga ya kula,” anasema Obadia, mwenye umri wa miaka 29. “Nikamkuta mama huyu ana matembele laini kabisa, mwezi wa kumi. Nikamwuliza anayapata wapi. Akasema, kwangu. Nikarudi shuleni kumweleza mkuu kwamba tumepata maabara.”

Siri ya matembele hayo ilikuwa maji ya kusuuzia vyombo. Stumai aliyamwaga kwenye tuta nyuma ya nyumba yake, kila siku, bila kukosa. Shuleni anatumia maji yanayosuuzia sahani za chakula cha mchana cha wanafunzi. Yaliyooshea vyombo vya maabara hayagusi tuta, kwa sababu yana kemikali.

Posho anayopata ni ndogo kuliko mapato yake ya stesheni wakati wa mvua, na kubwa kuliko ya kiangazi. Tofauti, anasema, ni kwamba posho haikauki mwezi wa saba.

Wenzake wa stesheni bado wanamtania. Zabibu, anayeuza nyanya na ambaye mwanawe anasoma kidato cha pili shuleni hapo, humwita mlezi wa matembele yasiyoliwa. “Mboga imenona namna ile, yeye anaipeleka kwenye dawa,” anasema Zabibu. “Ningekuwa ndiye mume wake, tungeachana kwa ajili ya mboga.”

Kinachoendelea ndani ya jani ni mmenyuko wa kikemikali. Jani hupokea maji kutoka kwenye mizizi na hewa ya ukaa kutoka angani. Vitu hivyo viwili haviwezi kugeuka kuwa chakula vyenyewe, hata vikikaa pamoja mwaka mzima. Vinahitaji nishati kutoka nje.

Nishati hiyo huletwa na jua. Umbijani, ambayo ni rangi ya kijani ya jani, hufyonza mwanga, hasa mwekundu na wa buluu. Mwanga wa kijani huufyonza kidogo na mwingine huurudisha, na ndio unaofika machoni mwetu. Nishati iliyofyonzwa hupasua maji, oksijeni ikatoka nje ya jani, na mwisho wa safari hupatikana sukari. Sukari isiyotumika mara moja huwekwa akiba kama wanga.

Kwa hiyo wanga ulio ndani ya jani ni nishati ya jua iliyofungwa. Iodini ikiugusa, hugeuka kutoka rangi ya kahawia na kuwa buluu iliyokolea mpaka kukaribia weusi. Pasipo na wanga, inabaki kahawia.

“Mimenyuko mingi tunayowaonyesha wanafunzi inatoa joto,” anasema Mwalimu Obadia. “Unawasha kiberiti, wanaona. Huu unameza nishati kimya kimya. Hakuna moshi, hakuna mlio. Bila iodini mwanafunzi analazimika kuniamini mimi tu. Sitaki aniamini mimi.”

Mwaka jana iodini ilikataa kugeuka.

Kipindi cha biolojia kilikuwa asubuhi, cha pili kwenye ratiba. Stumai, akiwa mgeni kazini, alichuma majani kama alivyochuma maisha yake yote: alfajiri, umande ukiwa bado upo. Aliyafunga vizuri kwenye kitambaa chenye unyevu na kuyafikisha maabara yakiwa mabichi kuliko ya mteja yeyote.

Majani yalichemshwa, yakatolewa rangi kwa spiriti, yakadondoshewa iodini. Darasa zima lilisogea. Majani yakabaki kahawia.

Mwalimu aliilaumu iodini. Shule ikanunua nyingine. Wiki iliyofuata Stumai aliamka mapema zaidi, ili majani yawe mazuri zaidi. Yakabaki kahawia tena.

“Mvulana mmoja aliandika kwenye daftari lake: jani halina chakula,” Obadia anakumbuka. “Nikataka kumkosoa. Nikakosa pa kuanzia, kwa sababu ndivyo alivyoona.”

Habari zikafika kwa wazazi. Zilifika zikiwa zimeongezewa: kwamba dawa za maabara zimeoza, kwamba mama wa mboga ameajiriwa kwa kujuana, kwamba michango inamwagwa kwenye masufuria. Hapo ndipo wazo la mashine ya kudurufu lilipozaliwa.

Jibu lilikuja bila kutafutwa. Mwalimu wa jiografia alipata msiba, ratiba ikapanguliwa, na kipindi cha biolojia kikahamishiwa mchana wa siku nyingine. Stumai hakuwa na majani ya alfajiri siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema. Alikwenda tutani jua likiwa kali, akachuma huku akiomba radhi kwa hali ya mboga zake.

“Yalikuwa yamenyong’onyea,” anasema. “Ningeyapeleka stesheni, watu wangeniuliza nimegombana na nani nyumbani. Mwalimu akadondosha dawa. Nikaona jani linakuwa jeusi kama sufuria. Nikadhani nimeharibu kitu.”

Mwalimu na msaidizi wake walikaa maabara baada ya wanafunzi kuondoka na kuulizana maswali. Majani ni ya tuta lile lile. Iodini ni ile ile. Spiriti ni ile ile. Kilichobadilika ni saa ya kuchuma.

Maelezo yalikuwa ndani ya kitabu cha kiada muda wote. Mmenyuko unaofyonza jua husimama jua likizama. Usiku kucha jani huugeuza wanga wake kuwa sukari, likatumia sehemu yake na nyingine kuipeleka kwingine. Kwa matembele, sehemu kubwa huenda kwenye kiazi. Alfajiri jani ni zuri kwa macho, lakini ghala lake ni tupu au karibu tupu.

“Kitabu kinasema wazi jani liwe limekaa kwenye mwanga,” anasema Obadia. “Nimesoma, nimefundisha, sikuwahi kumwuliza mama limechumwa saa ngapi.”

“Na mimi ningemjibu alfajiri, tena kwa maringo,” anadakia Stumai. “Mboga huchumwa alfajiri. Mtu mwenye akili achume mchana, ana nini?”

Wote wawili wanacheka. Wanaonekana wameshaicheka habari hiyo mara nyingi.

Lilibaki tatizo moja. Ratiba ilirudi kama zamani, na kipindi kikarudi asubuhi. Jani la mchana likihifadhiwa bichi mpaka kesho yake, linaendelea kuishi na kutumia akiba. Obadia alipendekeza taa ya sola iwake juu ya tuta usiku. Walijaribu. Taa ilikuwa hafifu mno kwa kazi hiyo, na wadudu walifurahi kuliko matembele.

Ndipo Stumai alipotaja mboga za kukausha. Nyumbani kwao, kabla ya kuanika majani kwa ajili ya kiangazi, mama yake aliyapitisha kwanza kwenye maji ya moto, ili yasiendelee kubadilika. Obadia alisita, akihofia kwamba maji yangeondoa wanga pia. Wakajaribu kwa majani mawili. Wanga ulibaki. Tangu siku hiyo jani la shule hii huuawa alasiri na hupimwa asubuhi.

Hatua inayofuata ina sheria ambayo Stumai haifanyii mzaha. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo jiko huzimwa na kutolewa mbali kabla chupa haijafunguliwa. Mwanafunzi aliyewahi kufungua chupa kabla ya jiko kutoka alisimamishwa nje ya maabara kwa mwezi mzima, na aliyemsimamisha hakuwa mwalimu.

Jioni hii majani ya kesho yamo ndani ya chupa. Kidogo kidogo yanapauka, na spiriti inageuka kijani. Stumai anainua chupa ya siku nyingine, iliyojaa kijani kilichokolea, na kuiweka kwenye miale ya jua la jioni inayopenya dirishani. Ukiitazama kutoka upande linakotokea jua, kijani kile kinang’aa wekundu wa kiza, kama juisi ya rosela.

Hiyo nayo ni kazi ya nishati. Umbijani iliyo ndani ya chupa bado inafyonza mwanga, lakini imetolewa kwenye jani. Hakuna maji ya kupasua wala sukari ya kutengeneza. Nishati iliyokosa kazi hurudi nje, nyingine ikiwa joto na nyingine ikiwa mwanga mwekundu.

“Wanafunzi wanaipenda hii kuliko zote,” anasema Stumai. “Wanasema, Mama Maabara, hebu tuonyeshe damu ya tembele.”

Asubuhi ya kikao wazazi wanajaa maabara mpaka madirishani. Stumai amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Zabibu yuko mstari wa mbele.

“Mama Peniel, leo umekuwa daktari!” anapaza sauti. “Nichunguze mgongo basi.”

“Mgongo wako dawa yake ni kuacha kubeba umbea,” Stumai anamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani zake. Chumba kinaangua kicheko, na mwenyekiti anagonga meza.

Mwenyekiti ni Mzee Chediel Senge, mstaafu wa reli, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye genge la kutengeneza njia kati ya Manyoni na Itigi. Ni mtu wa maneno machache, na kabla ya kikao amesema wazi kwamba yeye ni wa upande wa mashine.

Stumai anatandaza jani la kwanza kwenye sahani nyeupe. Limepauka, limekuwa kama karatasi ya kufungia sigara. Anadondosha iodini mpaka linafunikwa. Jani linakuwa kahawia.

Linaendelea kuwa kahawia. Mtu mmoja nyuma anaguna. Mwalimu Obadia anakunja mikono na kuikunjua. Stumai hasogei.

Kisha weusi unaanza pembeni, kwenye ncha za jani, na kuingia ndani taratibu kando ya mishipa, mpaka sahani nyeupe imebeba jani la buluu nyeusi. Wazazi wa mbele wanashusha pumzi kwa pamoja. Wa madirishani wanadai kuonyeshwa.

“Shikamoo, mzee,” Stumai anamwambia mwenyekiti, akimsogezea sahani. “Huo ndio wanga. Jua la jana hilo.”

“Marahaba.” Mzee Chediel anaitazama sahani. “Lakini mwalimu, niulize. Dawa ya rangi ukiimwaga kwenye kitu cheupe, kitu kinashika rangi. Hata shati langu lingeshika. Hapo sayansi iko wapi?”

Minong’ono inapanda. Ni swali zuri, na kila mtu anajua ni zuri. Obadia anafungua kinywa, lakini Stumai anamgusa mkono.

“Subiri, mwalimu. Bado la pili.”

Jani la pili ni pana kuliko la kwanza. Anafanya kama alivyofanya mwanzo: sahani, jani, iodini juu ya jani zima, mbele ya macho ya mwenyekiti. Weusi unakuja tena, lakini mara hii hauenei kote. Katikati ya jani inabaki mistari miwili ya kahawia hafifu iliyokwenda sambamba, na kati ya mistari hiyo vijiti vifupi vimekatisha kimoja baada ya kingine.

Mzee Chediel anavaa miwani. Anainama.

“Hii ni reli,” anasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Hii ni reli kabisa.” Anasogeza sahani kwenye mwanga. “Ila mataruma yako umeyapanga vibaya, mama. Hili na hili yameachana mno. Treni ikipita hapa haifiki Manyoni.”

Kicheko kinapasuka mpaka nje. Mwenyekiti mwenyewe hacheki. Bado ameinama.

“Dawa umemwaga jani zima. Nimeona.”

“Jani zima, mzee.”

“Na hapa kwenye reli imekataa kushika kwa nini?”

“Hapo nilibandika tepu nyeusi ya mafundi umeme, jani likiwa bado liko kwenye mmea, nikaliacha siku mbili. Kote jua limeingia, hapo halikuingia. Penye jua jani limepika. Penye tepu halikupika, na akiba ya zamani imeliwa usiku. Dawa haikukuta cha kushika.”

Obadia alikuwa amependekeza ukanda mmoja tu wa tepu, kama picha ya kitabuni. Stumai alikataa kwa hoja kwamba ukanda mmoja wazazi wangesema ni uchafu. Mji mzima umejengwa kando ya njia ya treni, na hakuna ambaye angeita reli uchafu.

Mzee Chediel anavua miwani na kuirudisha mfukoni. “Mimi nimetembea juu ya njia hiyo maisha yangu yote,” anasema, sasa akiwageukia wazazi. “Pembeni kuna vichaka. Vikitoa majani najua mvua imekuja, vikipukutisha najua imekwisha. Sikujua ndani yake kuna kazi inaendelea. Haya, tupige kura. Na mimi nimehama upande.”

Haikuwa kura ya wote. Baba mmoja dirishani alisimama kusema kwamba mtihani usiosomeka nao ni hasara, na hakuna aliyembishia. Lakini mikono iliyoinuka kumtaka Stumai abaki ilikuwa mingi kiasi kwamba katibu aliacha kuhesabu. Mashine itasubiri mavuno ya alizeti.

Jani la reli lilizungushwa chumba kizima. Zabibu alilishikilia muda mrefu kuliko wengine, kisha akadai naye atengenezewe lake, lenye jina lake.

“Lete tepu yako mwenyewe,” Stumai alimwambia, “na usilichume kabla sijakuambia.”

Wazazi walipoondoka, Stumai aliketi kwenye stuli kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavua koti na kulikunja. Alicheka peke yake, akafuta macho, akacheka tena.

Akiulizwa sasa anataka nini, jibu lake liko tayari. Aliacha shule akiwa kidato cha pili huko Kilimatinde, baba yake alipougua. Anataka kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, aanze na mtihani wa maarifa, ule wa kuwapima walioacha shule njiani, kisha afanye wa kidato cha nne. Hakutaka kumwambia mtu kabla ya kikao. Kama kura ingemkataa angerudi stesheni, na muuza mboga hapati nafasi ya kukaa jioni na mwalimu.

Obadia, aliyekuwa akisuuza sahani, anageuka. Ni mara yake ya kwanza kusikia jambo hilo.

“Mama, kwa nini hukuniambia?”

“Nakuambia sasa. Biolojia siiogopi. Kemia nitajikongoja. Hisabati, mwalimu, utanisaidia?”

“Tunaanza lini?”

Stumai anatazama nje. Jua limepanda juu ya tuta la matembele, na kidato cha pili mkondo wa pili wana kipindi kesho asubuhi.

“Leo jioni,” anasema. “Nikishachuma.”